Gari Ilikuwa ya Padri

Dalali aliniambia gari ilikuwa ya padri. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokwisha. Ukiambiwa ilikuwa ya dereva wa daladala utakimbia, ukiambiwa ya mwanasiasa utauliza maswali. Lakini ya padri? Unajiona kabisa unanunua chombo kilichokuwa kikinyunyiziwa maji ya baraka kila Jumapili. Akamalizia: "Hii imenyooka, mzee. Injini haijaguswa. Wewe weka mafuta tu, ondoka."

Injini haijaguswa, kweli. Hata oili haikuguswa. Ilitoka nzito kama uji wa ulezi ulioungulia. Na mafuta niliyaweka siku ileile. Kuondoka ndiko kulikochukua miezi mitatu.

Wanaosema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia wananionea. Mbuzi mimi nilimtoa kwenye gunia, nikamzunguka mara tatu, nikalipiga teke tairi kama ninavyowaona wajuzi wakifanya, nikafungua boneti, nikatikisa kichwa taratibu. Kisha nikatoa milioni 12 kwa mkono wangu huu. Aliyelitengeneza kule Japani simlaumu. Alimaliza kazi yake mwaka 1996, akaenda zake kulala. Ninaolumbana nao moyoni ni wale waliokaa nalo hapo katikati, maana kila mmoja ameniachia kumbukumbu. Kuna aliyeunga waya za redio na za waipa, mvua ikinyesha sisi hatusikilizi taarifa ya habari. Kuna aliyechezea honi, nikikata kona ya kulia inalia yenyewe, kwa hiyo mtaa mzima wananiona mtu wa salamu sana. Geji ya mafuta inaonyesha nusu. Tangi likijaa, nusu. Gari likizimika njiani kwa kukauka, nusu.

Na ni namba A. Hapa Dar mtu haulizi umri wa gari, anasoma herufi tu kwenye kibao cha namba, A ndiyo ya zamani. Wenzangu wako namba E, mimi bado nahangaika na herufi ya kwanza.

Asubuhi ya kwanza nikaliwasha. Likakohoa, likatetemeka, likatoa moshi, jirani akaja mbio kuanua nguo zake. Nikalikokota hadi kwa fundi. Gereji yake bubu: mwembe mmoja, jeki mbili, na matairi chakavu ya kukalia wagonjwa. Wagonjwa ni sisi wenye magari.

Fundi akachuchumaa nyuma ya bomba kama mtu anayepiga ramli. "Bosi, moshi ukiwa mweusi, dizeli inazidi hewa. Angalia filta, angalia nozeli zinazopuliza dizeli. Ukiwa wa bluu, inakula oili. Mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto, hapo maji yanaingia kwenye silinda."

"Na wa kwangu?"

Akaukodolea macho muda mrefu. "Wa kwako unaanza mweusi, unamalizia mweupe."

"Angalau wa bluu hatuna."

"Kanyaga mafuta kidogo."

Nikakanyaga. Tukawa nao. Ingebaki kijani na njano tu, tupandishe bendera ya taifa.

Kwenye filta ya hewa tulikuta panya na familia yake. Nozeli zote nne zikapelekwa kwa mafundi wa pampu, kumbe badala ya kupuliza ukungu zilikuwa zinakojoa. Tapeti zikapimwa, zikarekebishwa. Nikafurahi. Sikujua kwamba kwa gari la mtumba furaha nayo ni dalili ya ugonjwa. Wiki iliyofuata geji ya joto ikapanda mpaka mwisho, pale karibu na Ubungo, saa ile ambayo kila mtu anarudi nyumbani na kila mtu ana maoni kuhusu gari lako. Gasketi ya hedi, ile inayoziba chini ya kichwa cha injini, imeungua. Sababu? Rejeta, ile ya kupoza maji ya injini, imeziba kwa kutu. Kutu imetoka wapi? Miaka yote hiyo limenyweshwa maji ya bomba matupu.

Hedi ikafunguliwa, ikaenda kwa watu wa mashine kusawazishwa uso. Mimi nikachungulia pale inapokaa themostati. Patupu.

"Hiyo huwa tunaitoa, bosi. Ni ya nchi za baridi."

Sasa mimi usiku huo nilikuwa nimekesha nasoma. Nikamweleza kwamba ile kitu inazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake, inafunguka kwenye nyuzi 80 hivi, na bila yenyewe injini inabaki baridi, inakunywa dizeli bure. Fundi akanisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza kijana aliyetoka chuo juzi akikufundisha kilimo. Nilipomaliza akasema, "Sawa bosi. Ila hela yake ni tofauti."

Siku ya kurudisha hedi ndiyo nusura nizimie. Nilishasoma kwamba bolti zake hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana maalumu inayopima nguvu. Nikamuuliza spana hiyo iko wapi. Akajipiga begani: "Iko hapa." Nami nikakaa kwenye tairi langu, nikamwachia Mungu na lile bega.

Nyumbani mama watoto alikuwa anaandika matumizi kwenye daftari. Jioni moja akalifunga, akaniuliza kwa sauti ya upole ile mbaya: "Baba Neema, hivi hili gari linasoma shule gani? Ada yake mbona imemzidi Neema?"

Nikamwambia subiri Pasaka. Tunakwenda kwenu Uluguru, masika hiyo, daladala hazifiki, lakini hili ni fowili, linavuta kwa magurudumu yote manne, ndipo utajua mumeo alinunua nini.

Akajua.

Karibu kilomita 200 za lami mpaka Morogoro zilikwenda vizuri, nikaanza hata kupiga mluzi. Tukaacha lami, tukapanda. Jirani na kijiji pana kona yenye tope jekundu, laini kama ugali wa mtu asiyejua kupika, na ukoo mzima umetoka kutupokea. Nilingoja siku hiyo miezi mitatu! Nikashuka kwa madaha, viatu vikazama, sikujali. Nikazungusha habu za magurudumu ya mbele kwa mkono, ili nayo yavute, moja baada ya nyingine, nikiwaeleza shemeji zangu kila hatua. Nikapanda, nikavuta gia ndogo, taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. Nikakanyaga.

Magurudumu ya nyuma yakazunguka. Ya mbele yakatulia tuli, kama wageni waalikwa.

Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli. Mjomba wa mke wangu, mzee wa heshima zake, kanzu ya sikukuu, akatazama, akakohoa. "Mkwe, hii ndiyo ile ya magurudumu manne?" Kisha akakunja kanzu akaja kusukuma. Mkwe wangu anasukuma gari langu, tope linamrukia kifuani, na mimi nimekaa ndani nimeshika usukani! Na hapo kwenye kona nikapiga kulia. Honi ikalia. Wakadhani nawaharakisha.

Padri wa kweli nilimwona siku hiyo. Alikuwa kwenye pikipiki. Akatupita pembeni, akatupungia mkono.

Niliporudi Dar sikufika hata nyumbani, moja kwa moja chini ya mwembe. Fundi akalala chini ya gari, akakaa kimya, kisha miguu yake ikaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Bosi, propela shafti ya mbele, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, haipo."

"Imevunjika?"

"Haipo. Ilitolewa. Wengine wanaitoa ili gari isile mafuta, wanaiuza."

"Miezi mitatu unalala chini ya hili gari, hukuona?"

"Uliniambia injini, bosi. Fowili hukusema."

Nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri. Duka la kwanza hawana, la pili wanayo ya gari jingine, la tatu bei yake nikadhani ananitajia namba ya simu. Mwishowe kijana mmoja akaniambia kuna mtu ana moja ya mtumba, imekaa uvunguni muda mrefu hakuna anayeiulizia. Shilingi 280,000. Nikalia hadi 250,000, nikaibeba begani kama mwenye kwenda kuzika.

Fundi akaifuta vumbi. Kwenye kichwa cha shafti palikuwa na mstari mfupi wa rangi ya njano. Mafundi wazuri huweka alama hiyo kabla ya kufungua, nusu kwenye shafti na nusu kule inakofungwa, ili siku ya kurudisha irudi ilivyokuwa. Akaingia nayo chini, akaizungusha, akanyamaza. Kisha akaniita nikainame nitazame.

Mstari wa njano ulikuwa umekutana na mwenzake, hakuna hata uwazi wa unywele.

"Bosi," akasema taratibu, "hii imerudi kwao." Akanyoosha mkono kutoka uvunguni. "Nipe ya grisi."