Maniema si pori tupu

Hapa Liège, Ubelgiji, mtu akiniuliza kwetu ni wapi, namwonyesha Maniema, jimbo la mashariki mwa Kongo ya Kinshasa, kwenye ramani ya simu. Anaona kijani tu na mto Lualaba, kisha anasema, "Kumbe ni pori tupu." Siku hizi hata watoto wetu waliozaliwa huku wanasema hivyo. Inaniuma.

Ubelgiji ni kilomita za mraba elfu 30 na kidogo, watu zaidi ya milioni 11. Maniema inapita kilomita za mraba 130,000, yaani Ubelgiji mara nne, na watu hawafiki nusu ya hao. Hayo ni makadirio, maana sensa ya mwisho Kongo ilifanyika 1984. Anayesema hakuna watu aliwahesabu lini?

Tupo. Walega, Wakusu, Wasongola, Wazimba, Wabangubangu, kila mmoja na lugha ya kwao, na sokoni Kindu, mji mkuu wa jimbo, wote tunaelewana kwa Kiswahili, kile kilichofika kwetu Nyangwe na Kasongo na misafara ya pwani karne ya 19, kikabaki kuwa chetu. Huku nimeona Mflamandi, Mbelgiji anayesema Kiholanzi, na mtu wa Liège anayesema Kifaransa wakikutana, wanahamia Kiingereza.

Tunachokosa ni njia. Liège hadi Ostend, karibu nchi nzima, treni inachukua saa mbili na dakika chache. Kindu hadi Kasongo, ndani ya jimbo moja, mvua zikishika unalala njiani.

Mama yangu mdogo analima mpunga upande wa Kasongo. Nilipokwenda mara ya mwisho, magunia sita yalikuwa yamepangwa juu ya matofali chumbani anakolala, na paka amefungiwa humo kwa ajili ya panya. Alikuwa anamngoja kijana wa baiskeli, wale wanaofunga fimbo kwenye usukani, wanapakia magunia na kusukuma kwa miguu siku kadhaa. Kindu mchele ulikuwa umepanda bei. Mimi hapa nanunua mchele wa Thailand duka la jirani, masika na kiangazi bei ni ile ile.

Naambiwa barabara haijengwi kwa sababu watu ni wachache. Nakataa. Kindu yenyewe ilikua kwa sababu reli ya kutoka kusini inakutana na mto pale. Watu waliifuata njia.

Yule kijana hakutokea. Mama mdogo aliuza magunia manne pale pale kijijini, kwa bei aliyoitaja mnunuzi, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeshaanza.