Insha husifiwa, karatasi huangusha: skolashipu za vyuo ghali Marekani

Ukisikiliza ushauri anaopewa mwanafunzi wa familia ya kipato cha chini Marekani anayetaka kuingia chuo chenye ushindani mkali, utadhani kila kitu kiko kwenye insha. Andika kwa hisia, eleza ulikotoka, mguse msomaji. Insha ina nafasi yake, sibishi. Lakini naona mwanafunzi mwenye alama nzuri huangushwa zaidi na fomu ya kodi iliyokosekana, mzazi wa pili asiyepatikana, au orodha ya vyuo iliyopangwa kwa kubahatisha. Huko ndiko muda wake unakopaswa kwenda, na huko ndiko anakoachwa peke yake.

Kwanza bei, maana ndiyo inayofukuza watu kabla hawajabisha hodi. Vyuo binafsi vyenye majina makubwa hutangaza gharama inayokaribia dola 90,000 kwa mwaka, au hata kuzidi, ukijumlisha ada, malazi na chakula. Hiyo ni bei ya wenye uwezo. Stanford na MIT hazidai ada, malazi wala chakula kwa familia yenye kipato cha chini ya dola 100,000 na mali za kawaida. Chuo cha jimbo kinachotaja theluthi ya bei hiyo kinaweza kumgharimu mtoto huyohuyo zaidi, kwa sababu hakina mfuko wa kumfidia. Mwaka 2012 wachumi Caroline Hoxby wa Stanford na Christopher Avery wa Harvard walionyesha kwamba wengi wa wanafunzi hodari wa familia maskini hawatumi maombi hata kwa chuo kimoja cha aina hii, ilhali wanaotuma hujiunga na kusonga mbele sawa na watoto wa matajiri wenye alama kama zao. Kila chuo kinachoshiriki misaada ya serikali kuu kinatakiwa kuwa na kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake. Mzazi akae na mtoto robo saa, waingize namba zao, ndipo waamue kama chuo ni ghali.

Mpango mkubwa katika eneo hili ni QuestBridge, shirika lisilo la faida la Palo Alto, California, lenye vyuo washirika zaidi ya 50. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari anayeoanishwa na chuo kupitia mpango huu, yaani anayechaguliwa na chuo alichokiorodhesha, hulipiwa miaka minne: ada, malazi, chakula, vitabu na nauli. Mzazi hachangii, na hakuna mkopo. Kuomba ni bure. Wanaofika fainali kwa kawaida wanatoka familia ya watu wanne yenye kipato cha chini ya dola 65,000, ingawa huo si ukuta, na familia iliyozidi kidogo kwa sababu inayoelezeka bado inasomwa. Jambo lisilosemwa vya kutosha: si lazima uwe raia, mradi unasoma sekondari ndani ya Marekani. Aliye nje ya nchi na si raia wala mkazi wa kudumu wa Marekani mlango huu haumhusu, yeye aombe moja kwa moja kwenye vyuo ambavyo havitazami uwezo wa kulipa hata kwa wageni, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst.

Ugumu wa QuestBridge ni kalenda. Maombi hufungwa mwishoni mwa Septemba, wakati shule nyingi zimefunguliwa wiki chache tu. Waliofika fainali hujulishwa Oktoba, vyuo hutaka nyaraka zao mwanzoni mwa Novemba, na majibu hutoka Desemba 1. Mwanafunzi akisubiri shule ifunguliwe ndipo aombe barua za walimu, amechelewa. Aombe Mei, kabla ya likizo, kwa walimu wawili wa masomo ya msingi waliomfundisha karibuni. Ampe kila mmoja ukurasa mmoja wenye mambo matatu aliyofanya kwenye somo lake: mradi fulani, swali aliloling'ang'ania mpaka likafunguka, mwanafunzi mwenzake aliyemsaidia. Mwalimu aliyepewa hivyo huandika barua yenye nyama. Asiyepewa huandika kwamba mtoto ana bidii na nidhamu, na barua za namna hiyo msomaji wa maombi anazo rundo. Mshauri wa shule naye ajulishwe mapema, kwa kuwa ripoti ya shule ni kazi yake na huenda ana mamia ya wanafunzi.

Sasa karatasi. Fomu ya kodi ya mapato ya mwaka, 1040, na W-2, fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka, za kila kazi ya kila mzazi ziwe zimepigwa skani kufikia Agosti. Kila kazi, pamoja na ile ya miezi miwili iliyosahaulika, maana mshahara wake umo ndani ya 1040 na jumla isipolingana faili hurudishwa. Kosa la kawaida ni kutazama kisanduku kisicho chake. Kwenye W-2, kisanduku cha 1 ni mshahara unaotozwa kodi ya mapato. Kisanduku cha 5 mara nyingi ni kikubwa zaidi, kwa sababu akiba ya uzeeni aliyokatwa mfanyakazi haijatolewa humo, nayo akiba hiyo huonekana kisanduku cha 12 mbele ya herufi D. Mtu akijaza namba ya 5 palipoulizwa ya 1, familia inaonekana tajiri kuliko ilivyo. Akiacha kabisa akiba ile pale CSS Profile, fomu ya msaada wa fedha ya vyuo binafsi vingi, inapoiuliza, familia inaonekana inaficha.

Mzazi ambaye hakuwasilisha kodi kwa sababu kipato chake hakikufikia kiwango asiache pengo. Aandike maelezo, na aagize barua ya uthibitisho ya kutowasilisha kutoka mamlaka ya kodi, IRS. Anayelipwa taslimu aandike anachopata kwa wiki na nani anamlipa. Kuna nafasi ya kueleza mazingira maalumu na ijazwe kwa namba: dola 300 kila mwezi kwa bibi aliyebaki nyumbani, bili ya hospitali ya dola 4,200 inayolipwa kidogokidogo, saa za kazi zilizopunguzwa tangu Machi. Sentensi kama “maisha ni magumu” haimpi afisa wa msaada kitu cha kuingiza kwenye hesabu.

Watu huchanganya pia fomu mbili za kuombea msaada wa fedha. FAFSA ni ya serikali kuu, na haihesabu nyumba mnayoishi wala akiba ya uzeeni. CSS Profile ni ya College Board, inatumiwa na vyuo binafsi vingi, na huuliza hata thamani ya nyumba. Ina ada, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye familia yake haizidi dola 100,000 husamehewa. Asiyestahili msaada wa serikali kuu kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji huishia kwenye CSS Profile na fomu za chuo. Na majina, jamani, majina! Kwenye FAFSA jina liandikwe kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, hata kama hapo jina la babu ndilo limewekwa mwisho na shuleni mtoto anaitwa kwa jina la baba.

Zito kuliko yote ni suala la mzazi asiyeishi na mtoto. Vyuo vingi binafsi hutaka taarifa za fedha za wazazi wote wawili hata kama waliachana miaka kumi iliyopita. Baba hapatikani, au anapatikana na anakataa. Kwa chuo, hayo ni mambo mawili tofauti. Kukataa tu kwa kawaida si sababu ya kusamehewa. Kutokuwepo kabisa, au historia ya ukatili, ni sababu. Ombi la msamaha huambatana na barua ya mtu wa nje anayeijua hali hiyo, awe mshauri wa shule, kiongozi wa dini au mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na kila chuo huamua kivyake. Mwanafunzi aliyeorodhesha vyuo kumi anaweza kujikuta na maombi kumi ya msamaha wiki ileile anayomalizia insha. Barua hiyo iandikwe majira ya joto.

Insha sitaichosha sana. Msomaji hashindanishi mateso. Anatafuta kujua mwanafunzi anafikiri vipi na anafanya nini akiwa na nafasi ndogo. “Nawalea wadogo zangu” ni dai. “Nawachukua shuleni saa tisa, napika, nasimamia hesabu za darasa la nne mpaka mama arudi saa nne usiku” ni ushahidi, na unaingia pia kwenye orodha ya shughuli, maana Common App, fomu ya pamoja ya kuombea vyuo vingi, ina kundi la majukumu ya familia. Wanafunzi wengi huacha nafasi hiyo wazi wakidhani shughuli ni klabu na michezo tu.

Kuhusu mitihani, pendekezo langu ni kufanya SAT, mtihani wa kujiunga na vyuo, hata pale isipolazimishwa. Mwanafunzi wa kipato cha chini hupata SAT mbili bila malipo akiomba msamaha kupitia shule. Dartmouth ilipoirudisha mwaka 2024 ilieleza kwamba baadhi ya waombaji wa familia maskini walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia, kwa kuwa alama husomwa kwa kulinganisha na shule mtu anayotoka.

Kwenye kupanga orodha, QuestBridge huruhusu hadi vyuo 15 kwa mpangilio. Vyuo havioni umevipanga nafasi ya ngapi. Ukikubaliwa na zaidi ya kimoja, unapewa kilicho juu kwenye orodha yako. Kwa hiyo hila hazina kazi hapa: panga unavyotaka kwa dhati. Kwa vyuo vingi matokeo yanakufunga, huwezi kukataa ukatafute kwingine. MIT, Stanford na Yale ni miongoni mwa vichache visivyofunga. Usiweke chuo usichoweza kuishi humo miaka minne, hata kama orodha ina nafasi. Pia usijaze 15 kwa kuwa zipo, kwani vyuo vingi vina maswali yake ya ziada. Naona vyuo vinane vilivyoandikiwa vizuri ni bora kuliko 15 vilivyonakiliwa jina la chuo likabadilishwa, tena mara nyingine likasahaulika kubadilishwa.

Wengi wa waliofika fainali hawaoanishwi Desemba 1, na baadhi yao hukubaliwa baadaye kwa njia ya kawaida, wakiwa na msaada unaokaribia uleule. Tarehe ya mwisho ya njia hiyo kwa vyuo vingi ni mwanzoni mwa Januari, hivyo orodha ya pili iwe tayari kabla ya majibu ya kwanza. University of California hufunga maombi yake siku zilezile za mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba. Anayesubiri majibu kwanza atakuta mlango umefungwa.

Posse, mpango mwingine wa skolashipu, ni kitu kingine. Huwezi kujiombea, lazima shule au shirika la jamii likupendekeze, na iwe katika miji inakofanya kazi. Haichagui kwa kipato. Kikubwa zaidi, inalipa ada kamili, lakini malazi na chakula huangukia msaada wa chuo, hivyo FAFSA, na CSS Profile kwa chuo kinachoitaka, bado ni za lazima.

Kuna pia skolashipu ndogondogo za nje, dola 500 hapa, 1,000 pale. Kwenye chuo kinacholipa uhitaji wote, fedha hizo mara nyingi hupunguza msaada ambao chuo kingekupa. Kabla ya kuandika insha ya ishirini, uliza ofisi ya msaada: mtapunguza nini kwanza, kazi ya chuoni au ruzuku? Wakisema ruzuku, jioni hizo zitumie kulala. Uliza pia kama bima ya afya imo, maana hiyo ndiyo hujitokeza kwenye bili ya Agosti. Na hata kwa aliyelipiwa kila kitu, sehemu ya skolashipu inayogharimia malazi na chakula huhesabiwa na IRS kuwa mapato, kwa hiyo atunze taarifa za bili za mwaka mzima. Atazihitaji kabla ya Aprili inayofuata.