Windows 11 Isubiri, Kwanza Washa Apdeti

Mwalimu aliingia dukani Jumamosi asubuhi, laptopu yake ikiwa imeviringishwa kwenye kanga ya mkewe. Ni mstaafu. Anaitumia kuandika hesabu za kigango na barua ndefu kwa wanawe, na ikimsumbua huileta kwangu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kijana wangu, mashine inaniambia inakufa."

Akaifungua. Tangazo lilijaa kioo kizima: Windows 10 inafikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025. Chini yake, kwamba kompyuta hii haina sifa za kupokea Windows 11. Hukumu na kukataliwa rufaa kwenye ukurasa mmoja. Jirani alishamshauri anunue nyingine, naye alikuwa ameanza kuulizia bei.

Hiyo ilikuwa Septemba. Tangu hapo hakuna swali nililoulizwa dukani mara nyingi kama hili: nihamie Windows 11 au nibaki nilipo? Nina steshenari jirani na chuo. Tunachapa ripoti, tunatoa kopi, tunaskani vyeti, tunajaza maombi ya mikopo na ya ajira, kwa hiyo wenye laptopu ndio wateja wangu. Jibu langu limeshawaudhi kadhaa, maana badala ya kujibu nauliza: apdeti zako zimewashwa?

Wengi hucheka. Ziwashwe za nini? Zinakula bando. Fundi alizizima siku ile ile aliyopiga windo, yaani aliyoisimika Windows.

Basi hatuna haja ya kuzungumzia Windows 11 kwanza. Watu wameelewa vibaya huo mwisho wa huduma. Asubuhi ya Oktoba 15 kompyuta za Windows 10 ziliwaka kama jana yake. Kilichokatwa ni viraka vya usalama, vile ambavyo Microsoft huvitoa kila Jumanne ya pili ya mwezi kuziba matundu yaliyogunduliwa. Sasa kama fundi wako alizima apdeti mwaka 2019, wewe hukukatiwa huduma Oktoba. Ulijikatia mwenyewe zamani, na miaka sita umeishi katika hali ile ile ambayo leo inakukosesha usingizi. Ukihamia Windows 11 kesho na fundi akazizima tena, utakuwa umebadilisha sura ya menyu tu.

Anayebisha akumbuke WannaCry. Mei 12, 2017 kirusi hicho kilianza kufunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa kila kompyuta, na hospitali za umma za Uingereza zikalazimika kufuta miadi ya maelfu ya wagonjwa. Wengi tulidhani waliopigwa ni wale waliong'ang'ania Windows XP, ambayo huduma yake iliisha Aprili 2014. Sivyo. Sehemu kubwa ya kompyuta zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao wakati ule ulikuwa bado unahudumiwa, na kiraka cha tundu hilo hilo kilishatolewa Machi, miezi miwili kabla. Wenye mashine hawakuwa wamekipakua.

Sitaki kujifanya bando ni kisingizio. Faili la kusimikia Windows 11 peke yake linazidi gigabaiti 5, na viraka vya mwezi mmoja ni mamia ya megabaiti kwa kila mashine, mara nyingine zaidi. Mwenye kompyuta nne anayenunua data hiyo hesabu anaiona mfukoni. Mimi nimeipunguza hivi: ndani ya mipangilio ya apdeti kuna sehemu inayoruhusu kompyuta moja kuchukua apdeti kutoka kwa wenzake. Nimechagua zilizo kwenye mtandao wa ndani tu, si za intaneti nzima (hapo uwe makini, ukikosea utakuwa unawagawia bando watu usiowajua). Laptopu moja ikishapakua, nyingine zinavuta sehemu kubwa kutoka kwake. Na kazi hiyo naifanya kwa bando la usiku. Viraka hutoka saa 2 au saa 3 usiku kwa saa zetu, kutegemea majira ya Marekani, kwa hiyo Jumanne ile nafunga duka naiacha mashine inawaka.

Wapo wanaozima si kwa sababu ya bando bali kwa woga, nao siwalaumu sana. Toleo kubwa la Windows 10 la Oktoba 2018 liliwafutia baadhi ya watu mafaili yao hadi Microsoft ikalisitisha. Ila hayo ni mambo mawili tofauti. Toleo jipya lenye sura mpya, lisubirishe utakavyo, wengine walijaribu kwanza. Kiraka cha usalama hakisubirishwi hivyo. Mtu anazima vyote viwili kwa sababu swichi aliyoonyeshwa ilikuwa moja.

Halafu kuna kile kiprogramu cha kukrekia windo ili uitumie bila kuilipia, ambacho sharti lake la kwanza ni uzime kinga ya virusi ndipo ukifungue. Mgeni anakuomba umpeleke mlinzi akalale kabla hajaingia, nawe unamfungulia geti. Nimeona laptopu ya mwanafunzi ikiwa na vitu vitatu vilivyoingia kwa mlango huo, na yeye alikuja kulalamika kwamba feni inapiga kelele.

Dukani kwangu hatari kubwa ni flashi. Kwa siku zinachomekwa flashi nyingi za watu nisiowajua, kila moja ikiwa imepita steshenari nyingine kadhaa kabla ya kufika kwangu. Ukiifungua unakuta folda zote zimegeuka shotikati, na mwenyewe anasema "jana ilikuwa nzima." Mashine inayopokea flashi za namna hiyo siiachi bila viraka hata mwezi mmoja. Hapo sina mjadala na mtu.

Ndiyo maana nililazimika kuamua, na hesabu haikuwa moja kwa mashine zote.

Mbili ni laptopu za ThinkPad za mtumba, T470 na T480. Zikiwa zimefungwa mezani hata mimi huzichanganya. Moja ni ya 2017, ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya kizazi cha 7. Nyingine ya 2018, kizazi cha 8. Zote zina chipu ya usalama ya TPM 2.0, zote zina RAM ya gigabaiti 8 wakati Windows 11 inataka 4 tu. T480 ilikubaliwa, T470 ikakataliwa, kwa sababu kwa upande wa Intel orodha ya prosesa zinazokubaliwa inaanzia kizazi cha 8. Maelezo yanayotolewa ni usalama na uthabiti, na sehemu yake ni kweli, prosesa mpya zinamudu vizuri zaidi kuitenga sehemu nyeti ya mfumo na programu nyingine. Lakini Agosti 2021 Microsoft iliongeza prosesa chache za kizazi cha 7 kwenye orodha, mojawapo ikiwa Core i7-7820HQ, iliyomo ndani ya Surface Studio 2, kompyuta waliyokuwa wakiiuza wao wenyewe. Msomaji ajaze mwenyewe.

Vijana watakuambia T470 inaingia tu, ukitengeneza flashi ya kusimikia kwa programu ya Rufus unaruka ukaguzi wote. Kweli, inaingia. Shida inakuja mbele. Kila toleo la Windows 11 Home na Pro linahudumiwa miezi 24, na lile la 23H2 lilikatwa Novemba 2025. Mashine iliyopitishwa mlango wa uani haipelekewi toleo linalofuata yenyewe, inabidi urudie kazi ya flashi kila mara, na Microsoft haiahidi kwamba viraka vitaendelea kuifikia. Kwa mtu anayependa kuchezea mashine, sawa. Mteja anayekuja kwangu mara moja kwa mwaka siwezi kumfanyia hivyo.

T480 niliihamisha, tena niliihamisha vibaya. Ilikuwa Jumatatu, wiki ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za mafunzo kwa vitendo, foleni imefika barabarani. Windows 11 ikaingia bila kelele. Printa kubwa, ile inayolipa kodi ya fremu, ikakataa. Draiva yake, ile programu inayoiunganisha na kompyuta, ilikuwa ya zamani na mfumo mpya haukuitambua, na ile mpya nilikuwa sijaitafuta kwa sababu nilijiona mjuzi. Bahati nzuri Windows hukuhifadhia mfumo wa awali kwa siku 10 ili ukijuta urudi. Nikarudi. Kurudi kulichukua muda ambao wateja hawakuwa nao, wakahamia kwa jirani yangu, ambaye kwa heshima zake hakusema neno ila alinisalimia kwa furaha isiyo ya kawaida jioni ile. Zoezi nililirudia likizo ya chuo, nikiwa nimeshapakua draiva ya printa na ya skana, na mafaili yote nimeyanakili kwenye diski ya nje. Lilichukua asubuhi moja.

Ya tatu ni ya mezani, OptiPlex 7010, kizazi cha 3, umri wa mtoto wa darasa la saba. Hiyo niliiwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Faili lake ni karibu gigabaiti 3, halina cha kukreki, na mashine ikawa nyepesi kuliko nilivyoikumbuka. Nilikusudia iwe ya kujazia fomu tu, kwa kuwa anayeomba mkopo au ajira mtandaoni anahitaji kivinjari basi. Baada ya wiki nikagundua kazi yake halisi. Vile virusi vya flashi vimeandikwa kwa ajili ya Windows, pale haviamki. Nikichomeka flashi naona folda halisi zilizofichwa na takataka zilizojipachika juu yake, nazifuta, ndipo flashi inavuka kwenda kwenye mashine ya kuchapa. OptiPlex imekuwa kituo cha ukaguzi mpakani.

Ila sitampa mwanafunzi ripoti yake aimalizie pale. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia iliyomo humo, inafungua mafaili ya Word, ndiyo. Fonti ya Liberation Serif ina upana ule ule wa herufi kama Times New Roman, na hilo linaokoa mengi. Lakini ripoti ya kurasa 60 yenye orodha ya yaliyomo inayojiunda, namba za kirumi mwanzoni na majedwali katikati, ikivuka upande ule utakuta jedwali moja limerukia ukurasa wa pili. Mwanafunzi ambaye msimamizi wake anapima pambizo kwa rula hataki kusikia habari za programu huria. Nimejaribu kuwahubiria, nimeacha. (Ya nne ni mbovu, nasubiri kioo, tuiache.)

T470 iko nyumbani na Windows 10 yake. Nimeiandikisha kwenye mpango wa viraka vya ziada, unaofika Oktoba 13, 2026. Mtu binafsi analipa dola 30, au halipi kitu akikubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, na leseni moja inabeba hadi kompyuta 10. Kampuni wana hesabu nyingine: dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, kisha bei inaongezeka mara mbili kila mwaka.

Anayetaka kununua nyingine anunue, hela ni yake. Nitamwambia tu asome namba iliyo baada ya i5 kwenye jina la prosesa kabla hajatoa pesa: i5-7300U ni kizazi cha 7, i5-8350U ni cha 8. Ofisi za Ulaya zinazoachana na kizazi cha 7 zitazitupia soko la mtumba, na sitashangaa zikitufikia kwa bei ya kuvutia. Bei hiyo itakuwa na sababu.

Turudi kwa Mwalimu. Nilitaka kumwandikisha kwenye mpango ule wa bure, nikakwama. Mpango unadai mashine iwe kwenye toleo la mwisho la Windows 10, yaani 22H2, na yake ilikuwa bado kwenye toleo la zamani liitwalo 1909. Fundi aliyempigia windo alizima kila kitu na kuondoka. Hata ile kamba ya uokozi, aliyezima apdeti haifikii mpaka aziwashe kwanza. Nikamwomba aiache dukani siku mbili, ikapakua miaka mitano ya viraka kwa bando langu, ikafika 22H2, nikamfungulia akaunti, nikaiandikisha. Nikamwambia: Jumanne ya pili ya kila mwezi, Mwalimu, ukienda kulala uiache inawaka.

Novemba akanipigia simu alfajiri.

"Kijana, niliiacha inawaka kama ulivyosema. Bando la wiki limekwenda lote."

"Imemaliza, Mwalimu?"

"Imemaliza. Ina alama ya kijani."

"Basi uko salama, Mwalimu."

Akanyamaza kidogo.

"Nimesikia. Sasa hilo bando nani ananirudishia?"