Makro ya kuhamisha faili: mimi naitaka safu ya C

Kila lori linalotoka Lubumbashi kwenda mpakani Kasumbalesa huacha rundo la karatasi kwa wakala wa forodha: faktura, orodha ya mzigo, deklarasio. Zikishaskaniwa, zote hutua kwenye dosie moja, na jioni lazima mtu akae azigawe kwa wateja. Ndipo anapotokea kijana anayejua Excel na dawa yake: jedwali lenye jina la faili safu ya A, dosie inakokwenda safu ya B, na kitufe kimoja kinachoendesha makro, yaani orodha ya amri ambazo Excel inazitekeleza yenyewe. Faili mia tatu zinahama kabla chai haijapoa.

Siidharau dawa hiyo. Kazi hii nimeifanya kwa mkono, na najua saa kumi na moja jioni macho yanavyosoma 0417 palipoandikwa 0471. Makro haichoki. Tena haina gharama: VBA, lugha ya kuandikia makro, imo ndani ya Excel tangu 1993, na kuhamisha faili ni amri ya mstari mmoja, Name. Hata sisi wa Excel ya Kifaransa, ambamo IF imekuwa SI, makro tunaiandika kwa maneno yaleyale wanayoyatumia wenzetu wa Nairobi.

Shida yake ni ukimya. Ctrl+Z hairudishi faili iliyohamishwa. FileCopy, amri ya kunakili, hufunika faili ya zamani bila kuuliza. Kill hufuta bila kupitia kapu la taka. Name ina adabu kidogo, kwani ikikuta jina hilo lipo kule inakataa. Lakini waandishi wengi wa makro, wakichoshwa na makosa, huweka juu kabisa On Error Resume Next, yaani kosa likitokea, ruka, endelea. Mwishoni kioo kinasema kazi imekwisha.

Sasa ongeza umeme wetu. Ndani ya diski moja, kuhamisha ni kubadilisha anwani tu, data haisogei. Ukipeleka kwenye flashi, mashine inanakili kwanza, halafu inafuta. Umeme ukikatika katikati, na kompyuta ni ya mezani isiyo na betri, kule kunaweza kubaki PDF yenye jina kamili isiyofunguka. Faili ya asili huwa ingali ilipokuwa, sawa. Ila ukiendesha makro upya, inakuta jina lipo, inakataa, kosa linarukwa, na mteja anabaki na faili bovu.

Kuhusu virusi sina mengi. Melissa ya 1999 ilisambaa kwa makro ya Word, na tangu 2022 Microsoft inazuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Anayeondoa kizuizi hicho bila kuuliza faili imetoka kwa nani, shauri yake.

Kwa faili ishirini kwa wiki, mkono unatosha. Kwa mia tatu, naikubali makro, mradi inakili, ilinganishe ukubwa, ndipo ifute, na iandike safu ya C kilichotokea kwa kila faili. Mama mmoja wa sekretarieti ninayemfahamu hafungi ofisi kabla hajaisoma safu hiyo. Juzi mstari wa 88 ulisema "haikuhama". Kuangalia, kumbe aliyeandika jina aliacha nafasi tupu kabla ya nukta ya .pdf.