Ndege za adui zimehifadhiwa Virginia. Askari wetu wa Bama je?

Wenzetu tunaoishi huku hupenda kulinganisha mishahara, barabara na hospitali za Marekani na za nyumbani. Mimi linaloniuma ni jingine. Wamarekani wanatunza hadi vyombo vya adui waliyemshinda mwaka 1945 katika Vita vya Pili vya Dunia, na sisi tumewaacha askari wetu wa vita hiyo hiyo wapotee pamoja na habari zao.

Nenda Chantilly, Virginia, jirani na uwanja wa ndege wa Dulles. Pana jengo kubwa la Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa ya Marekani, liitwalo Udvar-Hazy, lililofunguliwa mwaka 2003. Kuingia ni bure, unalipia maegesho tu. Ndani zimo ndege za Wajerumani na Wajapani ambazo huzioni kwingine kokote duniani. Arado Ar 234, aina ya kwanza ya ndege za jeti za kudondosha mabomu kuingia vitani, imebaki hiyo moja. Dornier Do 335, yenye injini moja puani na nyingine nyuma, nayo ni ya mwisho. Katika miaka ya 1970 ilirudishwa Ujerumani ikarabatiwe na kampuni ile ile iliyoiunda. Mafundi wakakuta baruti za kung'oa pezi la mkia na rafadha ya nyuma, zilizotegwa ili rubani akijirusha asikatwe, bado ni nzima baada ya miaka 30.

Ipo pia Horten Ho 229, ambayo haina mkia, ni bawa tupu lenye injini mbili za jeti. Hii haikuwahi kuruka. Askari wa Marekani waliikuta Friedrichroda, Ujerumani, mwaka 1945 haijamalizika. Ngozi yake ya plaiwudi imebanduka tabaka kwa tabaka, na wahifadhi hawakuipaka rangi ing'ae kama mpya. Wameyashikiza mabaki yale yale ya asili. Kwa miongo mingi ililala ghalani Maryland. Nalitaja hilo makusudi, kwa sababu kila nikilizungumza jambo hili na ndugu wa nyumbani jibu ni kwamba hatuna pesa. Kuiweka ghalani hakukuhitaji pesa nyingi. Kulihitaji mtu wa kukataa isiuzwe chuma chakavu.

Inayonisimamisha zaidi ni Aichi M6A1 Seiran ya Wajapani. Ziliundwa 28 tu, na imesalia hii. Mabawa yake yanakunjwa ili iingie kwenye bomba kubwa lililofungwa mgongoni mwa nyambizi za aina ya I-400, tatu kwa kila nyambizi. Mpango wa awali ulikuwa kwenda kubomoa malango ya Mfereji wa Panama, ila vita viliisha ndege hizo hazijashambulia popote. Ukarabati wake ulianza 1989 ukamalizika 2000.

Mbele ya ndege hiyo fikra zangu huenda kwenye nyambizi nyingine ya Wajapani, I-27. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, iliipiga kwa topido meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo. Humo walikuwemo wauguzi, na askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa kwetu. Meli ilizama kwa muda usiofika hata dakika tatu. Manowari za Uingereza zilizokuwa zikiisindikiza zikaisaka nyambizi kwa mabomu ya majini, pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Walikufa karibu watu 1,300. Mwaka huo huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ndani yake Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (leo Malawi), ilikuwa Bama (Burma, leo Myanmar) ikipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, kwenye matope na malaria.

Nimekulia Mombasa. Fort Jesus nimeuona mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg, iliyoishia Rufiji mwaka 1915. Kuhusu Khedive Ismail sijawahi kuona hata kibao mjini, na vijana wale waliondokea bandarini kwetu.

Haki isemwe: majina yao yamechongwa Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, na pametunzwa vizuri. Lakini jina kwenye ukuta halikwambii huyu alikuwa mtoto wa nani, alitoka kijiji gani, nani alibaki akimngoja. Hata kibao cha Seiran hakisemi hayo kuhusu rubani, na hapo ndipo sisi tungewazidi hawa, maana mzee wa kwetu akisimulia habari za mtu huanza na ukoo wake.

Wenye medali za babu, barua, picha, kitabu cha jeshi kilichofungiwa kwenye sanduku la bati, msivitupe wala kuviuza. Andikeni jina lake na namba yake. Makumbusho ya Taifa nayo yatenge chumba kimoja, Mombasa au Nairobi. Orodha ya kuanzia ipo tayari pale Ngong Road, na watoto wa waliozama na Khedive Ismail, walio hai, wameshapita miaka 80.