Kifungu cha 230 hakimtoshi daktari wala binti

Mjadala wa utoaji mimba unapoibuka Tanzania, watu hugawanyika upesi kati ya uhai na haki, huku sheria yenyewe ikiwa haijasomwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa anayejaribu kuharibu mimba ya mwanamke kifungo cha hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, na anayetoa dawa au kifaa akijua matumizi yake miaka 3. Kifungu cha 150 kinaongeza kwamba kosa limetimia hata kama mwanamke huyo hakuwa na mimba. Maneno hayo hayakutungwa Dodoma. Asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, ambayo Waingereza wenyewe waliilegeza mwaka 1967. Ndiyo maana hunishangaza kusikia vifungu hivi vikitetewa kama ngao ya mila zetu.

Mlango mdogo ulioachwa wazi ni kifungu cha 230, kinachomkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi, ili kuokoa maisha ya mama. Kinataja upasuaji, si dawa. Kinataja maisha, si afya. Wala hakielezi hatari iwe imefikia wapi ndipo mganga aruhusiwe kugusa. Daktari wa hospitali ya wilaya anayempokea usiku wa manane mjamzito mwenye ugonjwa mkali wa moyo analazimika kupima kwa pamoja mapigo ya mgonjwa na miaka 14 inayomngoja yeye mwenyewe. Simlaumu akiamua kuandika rufaa, ingawa gari la wagonjwa nalo lina habari zake.

Wapo wanaoamini kwa dhati, msikitini na kanisani, kwamba mimba ni amana isiyoguswa, na sioni sababu ya kuwabeza. Lakini hata wao wengi hukubali kwamba mama asiachwe afe, na kama hilo linakubalika, basi liandikwe kwa lugha ambayo mkunga na askari wa kituo cha polisi wataielewa kwa namna moja.

Kinachonikera zaidi ni ahadi iliyokwisha kutolewa. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, mwaka 2007, na ibara yake ya 14 inazitaka nchi wanachama ziruhusu utoaji mimba kwa njia za kitabibu pale mimba inapotokana na ubakaji au na ndugu wa damu, au inapohatarisha afya ya mwili na akili ya mama. Vifungu vya utoaji mimba katika Kanuni ya Adhabu havikuguswa. Kwa hiyo mbakaji anahukumiwa kifungo kisichopungua miaka 30, na binti aliyebakwa, akikataa kuibeba mimba hiyo, anaweza kufungwa miaka 7 na dola ileile iliyomtambua kuwa ndiye aliyetendewa uovu. Akienda kwa siri kwa mtu asiye na ujuzi kisha akavuja damu, hospitali ya serikali itamhudumia, kwa kuwa huduma baada ya mimba kuharibika inaruhusiwa. Ila atafika kwa kuchelewa, akiwa amebuni simulizi la kuanguka ngazi kwa kuogopa polisi.

Sidai Bunge lifungue kila kitu kwa siku moja. Ningeridhika likianza na binti huyo, kisha likirudi kwenye kifungu cha 230 na kuongeza neno moja, afya.