Jeni elfu ishirini, rangi mbili

Mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, moja la Boston na jingine la Stanford, yalipima vivimbe vya mapafu kwa kuangalia jeni ipi inachapa kazi na ipi imelala. Kompyuta haikuambiwa majina ya magonjwa. Ilipanga sampuli kwa kufanana tu, na kwa sehemu kubwa ikaangukia makundi yale yale ambayo wapatholojia, madaktari wanaochunguza vinyama vya wagonjwa, walikuwa wakiyaona kwa hadubini miaka nenda miaka rudi.

Wapo wanaodai hapo ndipo hadubini ilipozeeka. Mimi naona ilipata shahidi.

Tazama kazi yenyewe. Sindano imetoa kwenye uvimbe wa pafu kinyama chembamba kama uzi. Seli zimepoteza umbo, hazina vijitezi wala keratini (protini ngumu kama ya kucha), alama zinazotambulisha aina ya saratani, hujui uziite nini. Vinakatwa vipande viwili, kila kimoja kinatiwa rangi inayosaka protini moja, TTF-1 au p40. Kwenye kioo cha TTF-1 viini vinageuka kahawia. Kwenye cha p40 vinabaki buluu. Hiyo ni adenokasinoma, saratani ya seli za tezi. Ingekuwa kinyume chake, ungesema saratani ya seli bapa. Na jibu hilo si la kupamba faili: dawa ya pemetreksedi husaidia dhidi ya adenokasinoma lakini kwa seli bapa haifui dafu, na dawa nyingine, bevasizumabu, inaweza kumvujisha damu mapafuni mgonjwa wa seli bapa hadi ikamuua.

Kwa swali hilo, kupima jeni elfu ishirini ni kujisumbua. RNA, yaani nakala za jeni ambazo ndizo hupimwa, ni dhaifu, formalini ya kuhifadhia kinyama huikatakata, tena kinyama hubeba seli za kinga na za pafu zima pamoja na za saratani, kwa hiyo unasikia kelele za wote kwa mpigo.

Hadubini inakwama kwenye saratani ya seli ndogo, aina nyingine ya saratani ya mapafu. Humo kila kitu kinafanana: seli zilizobanana, viini vyeusi, basi. Ila ukisoma jeni zinazofanya kazi, wagonjwa wanagawanyika: kuna ambao saratani yao inaongozwa na jeni iitwayo ASCL1, wengine NEUROD1, na wachache POU2F3, ambao seli zao zina tabia nyingine kabisa. Hata hivyo wote huanzishiwa dawa zile zile za kemo, za platini na etoposidi, na kwa miaka mingi majaribio ya dawa yaliwatia kapu moja, kisha watu wakashangaa kwa nini dawa hazifanyi kazi. Ningekuwa na RNA nzuri ya sampuli kumi tu, zote ningezipeleka huko.